Pita Wewe, Wifi

Tunduma, Jumamosi, 7 Juni 2014

Wifi Enelesi,

Asubuhi hii ukungu umekaa juu ya mabati na hauna haraka ya kuondoka. Baridi ya Juni unaijua. Nimevaa sweta lako la kijani, lile lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine. Mama mkwe alinipa siku ya kugawa nguo zako, akasema, "Chukua wewe, si ndiye uliyekuwa ukiliomba kila siku?" Nilikuwa nikiliomba kwa utani tu. Sasa limekuwa langu, na mikono yake inanizidi.

Nakuandikia hapa kwenye blogu kwa sababu wewe ndiye uliyenifungulia, ili vidole vyangu vizoee kuandika. Ulisema niandike chochote, hata bei ya nyanya. Nami nikaandika bei ya nyanya, wiki baada ya wiki. Wasomaji tulikuwa wawili, wewe na mimi, na wewe ulikuwa unasoma ili urekebishe herufi kubwa.

Leo nina habari kubwa kuliko nyanya. Jana nimeitengeneza programu yako ya godauni.

Najua siku hizi wapo wanaopita hapa bila kutujua, kwa hiyo vumilia nikiwaeleza. Wewe ulikuwa dada wa mume wangu. Ulisoma kompyuta Dar es Salaam, ukarudi Tunduma wenzako wakibaki kule, ukafungua chumba cha kompyuta nyuma ya duka la vitambaa. Mimi nilikuwa nimeolewa kutoka Ileje, nina kidato cha nne na mikono ya kupalilia, sijui hata mashine hiyo inawashiwa wapi. Watu walitazamia tugombane, kwa sababu wifi na wifi ndivyo wanavyotazamiwa. Badala yake ukanivutia kiti.

Ulifariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa nyingi, kwa homa iliyoanza kama homa zote. Tulikupeleka nyumbani upande wa Chitete. Gari likakwama kwenye tope, tukashuka wote tukasukuma, wanawake kwa wanaume, na mimi na viatu vyangu vya msiba. Nilikuwa nasukuma huku nakusikia unanicheka.

Hukuacha mtoto, wifi. Uliacha programu.

Ziko nyingine ulizoandika, lakini za watu waliokwishafunga biashara au waliobadilisha kompyuta. Inayofanya kazi mpaka leo ni moja, ile ya godauni la mahindi la Bwana Athumani, karibu na maegesho ya malori. Mzigo unapandishwa kwenye mizani, programu inasoma uzito, inauandika kwenye hesabu ya stoo, kisha printa inatoa stakabadhi ya mwenye mzigo. Mwaka jana ilifanya kazi msimu mzima bila kukohoa. Kila nilipopita pale nikisikia ile printa ikikwaruza, nilijisemea, wifi yuko kazini.

Mwaka huu Bwana Athumani amefungua mlango wa nyuma, ili wenye baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe wasisukumane na malori. Mizani ya pili ilikuwapo tangu zamani, ila ilikuwa haina watu. Msimu umefunguliwa Jumatatu, milango yote miwili ikajaa, na programu ikaanza kukwama.

Nikaitwa. Bwana Athumani, wasiomjua, ni mtu wa Tanga, mpole, mwenye maneno. Alinipokea mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi.

"Bibie Sekela, mashine yenu hii mbona imefunga kabla mwezi haujaandama?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha akanivuta pembeni, akapunguza sauti.

"Mimi marehemu nilimpenda kama binti yangu. Lakini mkulima hali mapenzi, anakula stakabadhi. Kuna jamaa wa Mbeya ana programu yake tayari. Nimemwambia aje Jumamosi. Akija anafuta hii, anaweka ile. Kwa hiyo Ijumaa jioni unipe jibu, ndiyo au hapana, nisije nikamdhulumu mtu nauli."

Anafuta hii.

Alisema bila ubaya, kama mtu anavyosema atafuta vumbi mezani. Nikasema, "Sawa mzee." Nikarudi nyumbani nikapika, na sikumbuki nilipika nini.

Ngoja nikumbuke vizuri ulivyonifundisha, kwa sababu wiki hii yote nimeishi humo.

Ilikuwa asubuhi, kabla hatujafungua. Ulikuwa na kipande cha chikanda, kile chakula cha mizizi na karanga, kwenye sahani na chai ya rangi, na simu zako mbili mezani, moja ya laini ya kwetu na moja ya laini ya Zambia. Zote mbili zikalia kwa pamoja. Ukachukua moja kila sikio. Kushoto ukaamkia kwa Kibemba, "Mwashibukeni, ba mayo," kulia ukasema, "Subiri kaka, nakusikia," kisha ukaanza kumjibu Mzambia bei ya kaka na kumjibu kaka bei ya Mzambia. Ulipozima zote mbili ukaniangalia ukiwa umetoka jasho.

"Umeona? Simu mbili, mdomo mmoja. Programu ikifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kila kazi tunaiita uzi. Masikio ni mawili, hakuna shida. Shida ni mdomo."

Hapo nikaelewa nyuzi, na sijawahi kuhitaji maelezo mengine. Godauni lina mizani mbili, ndizo nyuzi mbili. Printa ni moja, ndiyo mdomo. Na ili nyuzi zisiongee zote kwa mpigo, unaweka kufuli. Mwenye kufuli ndiye anayechapa, mwingine anangoja.

Ile programu kubwa tunayoandikia programu nyingine uliiita karakana. Ndani yake mtu anaandika, anaiwasha kazi yake, anaisimamisha katikati, anachungulia ndani, anaiendesha tena, bila kutoka. Ulipenda sana kile kidirisha cha pembeni kinachoonyesha nyuzi zote na kila uzi uko mstari gani. Ukasema fundi wa gari angelipa pesa nyingi aone injini hivyo, ikiwa imesimama na inaenda.

Na ulikataa kuziita nyuzi "wa kwanza" na "wa pili". Ulisema namba hazina sura, na hitilafu inatafutwa upesi ukijua ni nani amesimama wapi. Kwa hiyo ukaupa uzi wa mlango wa mbele jina la Enelesi na uzi wa mlango wa nyuma jina la Sekela.

Nikakuuliza, "Kwa nini mimi nyuma?"

"Mimi ni mwenye nyumba, wifi. Wewe umeolewa. Pita jikoni!"

Nilikurushia kitambaa cha kufutia kioo. Mteja aliyekuwa dirishani akauliza kama tunapigana.

Kwa hiyo fikiria, Jumatatu hiyohiyo alasiri, nimerudi, nimekaa kwenye kiti chako katika ofisi ya godauni, nafungua karakana, na kwenye kidirisha yapo majina yetu mawili, moja juu ya jingine. Nilijua yatakuwapo. Hata hivyo nilikaa kwanza.

Nilianza kama ulivyonifundisha. Unaweka kidoti chekundu pembeni mwa mstari unaoushuku, na uzi ukifika hapo unasimama, unachungulia una nini mikononi. Nikaweka kidoti mahali Enelesi anapotaka printa. Nikaiwasha. Mizani ya mbele ikapata mzigo, Enelesi akafika kwenye kidoti akasimama. Mizani ya nyuma ikapata mzigo, Sekela akapita, akachapa, akamaliza. Nikabonyeza endelea, Enelesi akachapa, akamaliza.

Hakuna kilichokwama.

Nikaondoa kidoti. Baada ya muda mfupi ikakwama. Nikakirudisha. Ikapona. Nikakihamishia kwa Sekela. Ikapona. Nikaondoa. Ikakwama.

Ni kama yule mgonjwa anayelia nyumbani tangu alfajiri, ukimfikisha zahanati anaomba maandazi. Jumanne hivyo, Jumatano hivyo. Nilibadilisha waya wa printa. Nilibadilisha soketi. Sikazwe, yule mpimaji wa mlango wa nyuma mwenye kofia ya sufu, akaniletea kiti chenye egemeo, akasema, "Dada, kama inaona haya ukiitazama, basi itazame msimu mzima, sisi tutakuletea chakula."

Nilicheka, lakini niliwaza kwamba kama wewe ungekuwapo ungetaka kujua kwa nini. Hukuwa unapenda dawa ambayo mtu hajui imetibu nini.

Jambo moja lilinisumbua. Ilipokwama, feni ya kompyuta ilivuma. Mashine iliyokufa haingurumi. Ulinieleza zamani kuwa nyuzi mbili zikikamatana, huyu ameshika kufuli la huyu na yule la yule, zinalala zote, na mashine inapoa. Hii haikuwa imelala. Ilikuwa inafanya kazi kwa bidii na hakuna kinachotoka.

Alhamisi nikaandika mizani mbili za kuigiza, zinazotuma uzito mfululizo, ili nisimsumbue Sikazwe kubeba magunia bure. Jana, Ijumaa, Bwana Athumani na wenzake wakaenda kuswali, godauni likawa kimya, akabaki Sikazwe amelala juu ya magunia. Nikaiwasha programu bila kidoti hata kimoja. Nikaiacha ikwame. Feni ilipoanza kuvuma, sikuizima. Nikabonyeza kile kitufe cha karakana kinachosimamisha nyuzi zote kwa mpigo mmoja.

Enelesi: ameachia kufuli, anangoja kidogo. Sekela: ameachia kufuli, anangoja kidogo.

Nikabonyeza endelea. Nikasimamisha tena.

Enelesi: anataka kufuli, anaangalia kama mwenzake anangoja. Sekela: anataka kufuli, anaangalia kama mwenzake anangoja.

Endelea. Simamisha. Wote wawili wameachia. Endelea. Simamisha. Wote wawili wanaangalia. Nilifanya hivyo mpaka kidole kikachoka. Hawakuwa wamekamatana. Walikuwa wanasogea mbele pamoja na kurudi nyuma pamoja.

Nikasoma mistari yako. Iko mitatu tu. Kama mwenzako anangoja, achia kufuli. Mpishe. Kisha ngoja nusu sekunde ujaribu tena. Umeiandika kwa Enelesi, na umeiandika vilevile kwa Sekela, na nusu sekunde ni ileile.

Wifi, nilicheka kwa sauti mpaka Sikazwe akaamka.

Kwa sababu niliuona mlango wetu. Mlango wa chumba cha kompyuta, mwembamba, na lile jokofu la mwenye duka limeziba nusu yake. Asubuhi moja wewe unatoka na ndoo ya maji machafu, mimi naingia na ndoo ya maji safi. Nikarudi nyuma.

"Pita, wifi."

Na wewe umesharudi nyuma. "Aa, pita wewe, una mzigo."

"Wewe ndiye mkubwa, pita."

"Wewe ndiye unayeingia, pita."

Tukaingia mlangoni pamoja, tukagongana, tukarudi nyuma pamoja, tukaambiana pole, tukaanza upya. Mama muuza vitambaa akatusikiliza, kisha akapiga kelele kutoka ndani, "Nyie watu wa bara, mtapishana mpaka ndoo zikauke! Mmoja akose adabu basi, tufagie!"

Tulikuwa hivyo kila mahali. Kwenye sahani, kipande cha mwisho cha nyama kililala mpaka paka akakimaliza. Kwenye maji ya kunawa, mmoja anamimina mwingine anakataa. Watu wa mjini walituona wajinga. Kwetu Ileje na kwenu Chitete ndivyo tulivyolelewa, mtu anampisha mwenzake, na anayepishwa anakataa kwanza.

Na wewe ukaiandika ndani ya mashine. Hakuna aliyekufundisha hilo chuoni. Uliona tu kuwa uzi unaomwona mwenzake anangoja usingeweza kupita bila kumpisha, ungekuwa uzi uliokosa malezi. Mwaka jana hatukuona tatizo kwa kuwa mlango wa nyuma haukuwa na mtu. Enelesi alikuwa anapita peke yake.

Na kidoti changu nacho nikakielewa. Kilikuwa kinamzuia mmoja, mwingine akawa hana wa kumpisha, akapita. Mimi ndiye niliyekuwa naigawanya adabu yao kwa kidole changu halafu nashangaa imepona.

Sasa nilijua ugonjwa. Bado dawa.

Hapa nikuambie ukweli. Dawa ya kwanza niliiandika bila kufikiri, na ilikuwa nyepesi. Niliondoa mistari mitatu upande wa Enelesi, nikaiacha upande wa Sekela. Yaani wewe hupishi mtu tena. Mimi ndiye ninayepisha, siku zote. Niliona vizuri hivyo. Nilijisikia kama mtu aliyepata kiti cha kumpa mgeni. Nikawasha mizani za kuigiza, stakabadhi zikatoka mfululizo, feni ikatulia. Hata sikuangalia ni za mlango upi.

Wakarudi kutoka msikitini, milango ikafunguliwa, mizani za kweli zikaanza. Mbele kulikuwa na malori mawili kutoka Mlowo na foleni ya pikapu. Printa ikakwaruza, ikakwaruza, haikukwama hata mara moja. Bwana Athumani akasimama mbele yake kama anayesikiliza kaswida.

"Eee! Bibie! Marehemu amekuachia mkono!"

Nikashukuru. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Ndipo Sikazwe akaja mlangoni, kofia mkononi. "Dada, samahani. Huku nyuma printa imetununia. Wenye baiskeli wanauliza kama na wao ni wateja au ni wapita njia."

Nikaenda nyuma. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Mama mmoja mtu mzima amekaa juu ya gunia lake, miguu ina vumbi la kutoka bondeni Chitete, ng'ombe wake wamelala na nira ya mkokoteni shingoni. Nikamsalimia shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe wa mashine?"

"Ndiye mimi, mama."

"Sisi tumefika kabla ya yale malori. Tuliyaona yakiingia." Hakusema kwa hasira. "Mzigo wangu umepimwa, umo ndani, na karatasi sina. Niondoke na nini mkononi? Tukisema tungoje, tutangoja. Ila utuambie tunangoja nini."

Nilirudi ofisini nikafungua kidirisha cha nyuzi. Enelesi anachapa. Sekela anangoja. Enelesi anachapa. Sekela anangoja. Lori likimaliza inafuata pikapu, pikapu ikimaliza linafuata lori, na kila Sekela alipotaka kuinuka alimwona Enelesi, akaachia, akakaa. Hakuwa amekwama. Alikuwa anakuheshimu. Na nyuma yake, watu wenye magunia yao walikuwa wanaulipia uchungu wangu.

Nilikaa nikiangalia jina langu limesimama pale.

Bwana Athumani akachungulia. "Kuna nini tena? Mbele mambo safi."

"Nyuma hawachapiwi, mzee."

"Malori ndiyo yenye haraka, bibie. Wa nyuma watapata tu jioni yakiisha. Acha hivyo hivyo, nimesharidhika."

Hapo ningeweza kufunga kazi, wifi. Programu yako ilikuwa imeshaokoka. Alikuwa ameridhika, jamaa wa Mbeya asingekuja. Nikigusa tena, huenda ningeiharibu mbele yake na Ijumaa ndiyo hiyo inaisha.

Nikasema, "Mzee, nipe nafasi niisimamishe kidogo."

"Uisimamishe? Na malori mlangoni?"

"Enelesi asingewaacha watu wa Chitete nje."

Akaniangalia. Akaangalia printa. Akasema, "Haya. Nakunywa kahawa. Nikimaliza kikombe, iwe inakwaruza." Na nilimwona anakinywa polepole kuliko ninavyomjua.

Nikazitoa adabu zote mbili, yako na yangu. Sikuzifuta. Nimeziwekea alama ya maelezo mbele, mashine inaziruka, lakini mtu akifungua atazisoma na kujua zilikuwapo. Mahali pake nimeweka kufuli linalofuata foleni: aliyefika kwanza anachapa kwanza, anayemfuata anafuata, na hakuna anayerudi nyuma kwa ajili ya mtu. Ni mambo mepesi. Ulinionyesha kufuli la namna hiyo siku moja, ukasema halina utu. Nililikumbuka kwa sababu ya neno hilo.

Nikaiwasha. Nikafungua kidirisha.

Sekela alikuwa na mzigo uliotangulia. Enelesi akafika, akangoja. Sekela hakuangalia nyuma. Akachukua kufuli, akachapa, akaachia. Kisha wewe.

Nimepita mbele yako, wifi. Kwa mara ya kwanza.

Niliondoa mikono kwenye vitufe, Sikazwe akadhani nimeharibu. "Vipi dada, imekufa?" Kabla sijamjibu, stakabadhi ilikuwa imeshatoka, akaichukua akasoma jina, akakimbia nayo nyuma huku anaita. Nikamsikia yule mama akijibu kutoka kwenye gunia lake, "Nipo! Nipo hapa!"

Ikafuata ya lori. Ikafuata ya baiskeli. Malori yalipunguza mwendo, dereva mmoja akalalamika kwamba anachanganywa na watu wa ng'ombe. Bwana Athumani akamjibu, "Ng'ombe wamefika kabla yako, bwana mkubwa, kaa kwa adabu." Kisha akachukua simu, akampigia jamaa wa Mbeya mbele yangu. "Usije kesho, ndugu yangu. Hapana, si bei. Hii yetu imepona."

Hii yetu.

Godauni lilipofungwa niliomba dakika chache zaidi peke yangu na kompyuta. Juu kabisa ya programu, kabla ya mstari wa kwanza wa kazi, kuna jina lako na maneno kwamba wewe ndiye uliyeiandika. Sikuwa nimewahi kugusa pale. Jana nimeandika jina langu chini ya lako. Nilianza kwa herufi ndogo zote, halafu nikakumbuka ulivyokuwa unanirekebisha, nikaweka herufi kubwa panapostahili.

Nataka kukuuliza jambo moja na sijui nitalijibuje mwenyewe. Je, umechukia? Nimekaa nalo tangu jana. Mume wangu ananiambia ni programu tu, mashine haina dada wala wifi. Anasema kwa upole, na macho yake yanaangalia kando, kwa sababu na yeye amekupoteza. Labda ana haki. Lakini mimi nilikuwa ndani ya kile kidirisha wiki nzima, na nilituona.

Nadhani ungenikasirikia kidogo, kisha ungeomba uone stakabadhi ya yule mama.

Ukungu umeanza kuachia. Nasikia malori yanawashwa kule mpakani, na mama muuza vitambaa anafungua makufuli yake. Leo Jumamosi wateja wa kadi za harusi watakuwa wengi, wa huku na wa ng'ambo. Nitafungua chumba, nitafagia, nitawasha mashine zote, yako ya mwisho.

Ombi langu si kubwa, wifi. Mkikaa huko mkawataja wa nyumbani, nitaje na mimi.

Sekela